Risasi Iliyotoka Upande wa Pili

Baba mdogo wangu ana mti wa panda mbele ya nyumba yake, na mti ule ni wa baba yangu. Nimeanza na hilo makusudi, ili ijulikane mapema kwamba sijasamehe. Nasikia wengine huandika kumbukumbu zao ili watue mzigo. Mimi mzigo wangu nimeupima kwenye mizani: una gramu kumi na tano na sehemu saba za kumi, na sioni kwa nini niutue.

Baba alikuwa fundi wa kukereza vyuma, tourneur kama tunavyosema hapa Kolwezi. Alifanya kazi katika karakana ya migodi tangu ujana hadi kazi ilipokwisha, akarudi nyumbani Dilala na kikohozi, sanduku la vifaa, na macho yaliyoweza kuona unene wa unywele. Nyumba yetu ilikuwa moja ya zile za kampuni ya zamani, zinazofanana kama sare za shule, ukuta wake umepasuka kwa sababu wachimbaji wadogo walichimba hadi karibu na uzio. Baba hakuwalaumu. Alisema mtu akiwa na njaa na chini ya miguu yake kuna shaba, kumwambia asichimbe ni kumwambia asipumue.

Kitu kimoja tu kilimtoa mjini: kuwinda. Kwao ni upande wa Sandoa, na kila kiangazi tulipanda lori, tukapita Kisenge, tukafika kijijini tumekuwa wekundu kwa vumbi hata nyusi. Alikuwa na bunduki ya bolti ya milimita tisa na sehemu tatu, aliyoachiwa na padri mmoja mzee wa misheni aliyerudi Ulaya kufa. Vibali vyake vyote, cha silaha na cha mawindo, alivifunga katika plastiki na kuvibeba shingoni kama hirizi, kwa maana askari wa barabarani hawaamini mtu mwenye bunduki nzuri na viatu vibovu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Mama yetu alikufa nikiwa bado nasoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyemfuata baba kijijini, kumpikia na kumchunga. Na mimi ndiye niliyemharibia. Hilo nalo nalisema mapema.

Lilianza kwenye sahani ya nyama. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, anatafuna paja la mbawala, akatema kitu. Nilikiokota: kipande cha plombu, yaani yale madini laini ya kijivu ambayo watu wametengeneza risasi kwayo tangu zamani, kidogo kama nusu ya punje ya mchele. Nikatafuta katika ile nyama, nikapata vingine vinne. Nilikuwa nafundisha darasani jinsi madini hayo yanavyokaa mwilini na kudhoofisha akili za watoto, na nyumbani namlisha mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimfuata baba uani nikiwa na vipande hivyo kiganjani.

"Tata, hii nyama iko na sumu."

Alivitazama, akavigeuza kwa ukucha. "Tumekulaka hii tangu batoto. Mi niko mujinga?"

"Hapana, Tata. Lakini kama hungekulaka, pengine ungekuwa minister."

Alicheka hadi akakohoa. Halafu akachukua kile kipande kikubwa, akakitia katika mfuko wa shati. Nilijua nimempata. Mtu wa karakana ukimwonyesha kasoro katika chombo, hatalala.

Sasa nieleze mambo ya risasi, na anayeyachukia anivumilie, kwa sababu bila hayo hataelewa jinsi tulivyoibiwa. Risasi za baba zilikuwa na moyo wa plombu na koti jembamba la shaba, ncha ikiwa wazi. Risasi ya namna hiyo ikigonga nyama, ncha hujibonyeza na kufunguka kama uyoga, inapanua jeraha, inasimama ndani ya mnyama. Ni nzuri kwa kuua. Lakini ikigonga mfupa kwa karibu, inapasuka, na vipande vinatawanyika hadi mahali usipodhania. Kuna aina nyingine iliyofunikwa koti zima hadi ncha. Hiyo haifunguki, inapita kama msumari, na mnyama anakimbia kilomita mbili na tundu dogo ubavuni, akafie asikoonekana. Baba aliidharau. Aliiita risasi ya askari, kwa sababu askari hahitaji kula anachokipiga.

Nikamwambia kuna aina ya tatu, ya shaba tupu, isiyo na plombu hata chembe. Nilikuwa nimesoma habari zake. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yanapatikana mtoni. Shaba? Kolwezi? Kesho yake alikuwa karakanani kwa rafiki yake, kwenye mashine ya kukerezea, na kipande cha baa ya shaba ya kupitishia umeme aliyopewa siku alipoacha kazi.

Zile za kwanza alizikosea, na alizikosea kwa kiburi cha fundi. Risasi ya plombu ya bunduki yake ilikuwa na gramu kumi na nane na nusu. Akasema basi na ya shaba iwe na gramu kumi na nane na nusu, kilo ni kilo. Lakini shaba ni nyepesi kuliko plombu, kwa hiyo ili ifike uzito huo ilibidi iwe ndefu, na mtutu wa bunduki ile huzungusha risasi polepole, unatosha kwa risasi fupi tu. Risasi ndefu isiyozungushwa vya kutosha hupepesuka njiani. Tuliweka karatasi kwa hatua hamsini, akapiga, tukakuta tundu lenye umbo la risasi nzima iliyolala ubavu. Alipiga tatu, zote tatu zililala. Nilimweleza sababu kwa fimbo mchangani, na mwanafunzi wangu yule wa miaka sitini na kitu akasema, "Bon. Kumbe uzito si kila kitu." Akazikata, akatoboa ncha kidogo, zikawa na gramu kumi na tano na sehemu tisa. Hizo hazikulala.

Kiangazi hicho tulifanya jaribio, na sijawahi kuwa na siku nzuri kama zile. Mtu hupiga risasi ndani ya nini, akitaka kujua itafanya nini katika nyama? Sisi tulitumia mitihani. Nilikuwa na magunia ya karatasi za mitihani ya wanafunzi wangu wa miaka mingi. Tuliziloweka usiku kucha katika pipa, tukazifunga vifurushi vinane vyenye unene wa shibiri, tukavipanga kwenye pipa lililokatwa kwa urefu, nyuma yake kichuguu kikubwa. Ndani ya makosa yale yote ya wanafunzi kuhusu mvutano wa dunia, baba akapiga risasi zake kwa zamu.

Mimi niliandika katika daftari: aina, uzito kabla, uzito baada, imefika kifurushi cha ngapi, maoni. Mizani ilikuwa ya maabara ya shule. Paa la maabara lilipoanza kuvuja mkurugenzi alinikabidhi niitunze, nami nikaitunza hadi Sandoa. Plombu ilisimama kwenye kifurushi cha tano, imepoteza theluthi ya uzito wake, na karatasi zimejaa vumbi la kijivu. Ya askari ilipita vyote, tundu la mwisho sawa na la kwanza. Ya shaba ilifunguka petali nne, ikakata njia pana kuanzia kifurushi cha pili hadi cha nane, ikatoka, ikaingia kwenye kichuguu. Tulichimba kwa jembe tukaipata. Gramu kumi na tano na sehemu nane. Imepoteza moja ya kumi ya gramu. Hata kwa hatua mia na hamsini, kwa kuwa ilikuwa nyepesi na ya haraka, ilishuka chini ya shabaha kidogo kuliko plombu, kwa upana wa kidole.

Baba aliishika ile risasi yenye petali akaigeuzageuza juani. Kwa Kiswahili chetu shaba ni mukuba. "Mukuba ya kwetu," alisema, "haijue kulala. Inapita tu." Alikuwa akitania malori yanayopanga foleni barabarani kwenda mpakani, na shaba yetu ndani. Nikacheka. Sikujua kwamba ametamka hukumu yake mwenyewe.

Hapo ndipo anaingia baba mdogo. Ni mdogo wa baba, wa tumbo moja. Alikuwa na kazi Kisenge kwenye mgodi wa manganizi, kazi ikafa, mkewe akaondoka kwa sababu watoto hawakuja, akabaki kijijini na bunduki yake ya milimita saba, nyembamba kuliko ya baba, na risasi za plombu. Alikuja kutazama jaribio letu siku moja. Akasimama mikono nyuma, akauliza kila kitu, hata kwa nini tunapima baada ya kupiga. Nilimjibu yote. Mwalimu akiulizwa swali hufurahi, hachunguzi linakotoka.

Kwetu, mwindaji anayetambuliwa na ukoo husimikiwa mbele ya nyumba yake mti wa panda uliomenywa gamba. Hapo ndipo huning'inizwa nyama kabla ya kugawanywa, na akifa, kipande cha mti huo humsindikiza kaburini. Si kila mwenye bunduki anapewa. Mti wa babu yangu uliliwa na mchwa baada ya yeye kufa, na wakubwa wa ukoo walisema mpya utasimikwa kwa yule kati ya wanawe wawili atakayeangusha kwanza palahala dume, yule swala mkubwa wa pembe zilizopinda nyuma kama mundu. Palahala sasa ni wachache. Miaka ilipita. Baba hakuwa mtu wa kutaka makuu. Hakuwahi kudai medali ya kazi, wala pensheni yake hakuidai kwa sauti. Mti ule aliutaka. Aliniambia mara moja tu, akiwa anafunga viatu: "Ile moja tu, mama. Ile moja." Baba zetu huku hutuita mama, sisi binti zao, na wakituita hivyo wakati wanaomba kitu, moyo unapasuka.

Na kuna desturi ya pili. Wawindaji wawili wakimpiga mnyama mmoja, mnyama ni wa yule ambaye risasi yake imekutwa ndani. Ni desturi ya tangu siku za mishale, na ya tangu gobori zilizopiga vipande vya nondo. Mshale hauvuki upande wa pili. Kwa hiyo ilikuwa desturi ya haki, kwa mishale.

Kiangazi kilichofuata ndugu hao wawili waliondoka alfajiri. Mimi nilikuwa na wake za ukoo, tunamenya mihogo. Jua lilipokuwa limepanda vizuri tulisikia mlio mmoja, mzito, nikasema kimoyomoyo: tisa na tatu. Nikamenya muhogo mmoja mzima, mrefu, wenye vifundo, nikauweka beseni. Halafu ukaja mlio wa pili, mwembamba. Wanawake wakapiga vigelegele. Milio miwili ni nyama ya uhakika.

Palahala aliletwa vipandevipande kwenye baiskeli mbili. Nyama zilipangwa juu ya majani nasi wanawake tukaanza kukata. Mikono yangu mwenyewe ilifuata njia ya risasi ya baba: imeingia nyuma ya bega la kushoto, imekata sehemu ya juu ya moyo, imetoka kati ya mbavu za kulia, na njia nzima ilikuwa nyeusi kwa damu iliyoganda, kiasi kwamba tulitupa nyama nyingi. Na mikono yangu mwenyewe, hii ninayoandikia, ilikuta risasi ya baba mdogo imejibana kwenye mfupa wa bega la mbele. Niliitoa kwa ncha ya kisu. Nyama iliyoizunguka ilikuwa safi, nyekundu, kavu, kama ya kununua. Niliifurahia nyama ile. Nikasema bega hili halijaharibika, litatosha wageni. Nikaiweka risasi katika sahani ya bati, nikaendelea kukata, nikiimba na wenzangu.

Nimefundisha fizikia miaka kumi na minane. Afadhali ningefundisha kupika.

Asubuhi yake wakubwa waliketi kwenye viti vya plastiki barazani kwa kanisa, sahani ile ya bati juu ya benchi. Mkubwa wao, mzee mwenye kofia ya mgodi aliyostaafu nayo, aliuliza nani alipiga kwanza. Baba mdogo alisema, "Tulipiga bote." Wakamwuliza baba. Baba alimtazama mdogo wake. Akasema naye, polepole, "Tulipiga bote."

Risasi iliyokuwa katika sahani ilikuwa nyembamba, ya milimita saba. Hapakuwa na jambo la kujadili. Ndipo nikasimama. Wanawake hawakatazwi kusema pale, ila hawasemi. Nilieleza tundu la kuingilia na tundu la kutokea. Nilieleza moyo uliokatwa. Nilieleza risasi ya shaba na kwa nini haikai ndani, na daftari nikalifungua, nikawasomea hadi vifurushi vya mitihani. Nikasema desturi ilitungwa kwa mishale, na mshale haufiki upande wa pili, na kama risasi bora inashindwa na risasi mbovu kwa sababu tu ile mbovu imekwama, basi tunazawadia kukwama. Hapo kuna aliyecheka, akajifanya anapiga chafya.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Hakunikatiza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Mama mwalimu, tumesikia. Physique ni kitu ya mukubwa. Sasa lisasi ya tata yako iko wapi?"

"Ilipita."

"Mutu mwenye alipita hapa jana, tunaweza kusema alilala hapa?"

Wakacheka wote sasa, wala si kwa ubaya. Nilimgeukia baba aseme neno moja. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Nikasema basi nipeni jembe, naenda kuichimba mahali palahala aliposimama. Baba akanishika kiwiko. "Acha, mama. Kule ni bichuguu tupu. Keti." Nikaketi, uso unawaka, na wakubwa wakamtangaza baba mdogo.

Lori letu lilikuwa la alasiri. Baba alisema amesahau kisu chake porini, akaenda peke yake, akarudi na udongo chini ya kucha. Alikaa na baba mdogo nyuma ya jiko kwa dakika chache, kuagana, nilidhani. Mimi sikuaga.

Tulipofika karibu na Kisenge, nikiwa nimeegemea magunia, ndipo wazo lilipokuja. Ile nyama ya bega. Ilikuwa safi. Mnyama aliye hai akipigwa, damu hujaa kwenye jeraha, moyo bado unasukuma. Mnyama aliyekufa hana cha kusukuma. Na kati ya mlio na mlio nilimenya muhogo mzima. Baba mdogo alimpiga palahala aliyekwisha kulala chini, amekufa kwa risasi ya baba. Alimpiga ili risasi yake ikutwe. Na kwamba risasi ya baba haitakutwa, hilo alifundishwa na mimi, mbele ya pipa, kwa maelezo kamili.

Nilimtikisa baba aliyekuwa anasinzia, nikamwambia yote kwa sauti ya juu kushinda injini. Nikasema turudi, tushuke hapahapa, kuna wanawake watatu walioikata pamoja nami, watatoa ushahidi.

Hakufungua macho. "Nyama ilishaisha, mama."

Na kweli ilikuwa imekwisha. Ushahidi tuliupika kwa chumvi na nyanya, tukaula wote, na mimi nikaongeza. Lakini namna alivyosema ilinijulisha kwamba hakuwa anasikia jambo jipya. Alikuwepo. Alimwona mdogo wake akisogea, akinyanyua bunduki juu ya mzoga. Nikamwuliza kwa nini basi uliniacha nisimame peke yangu nichekwe. Akageukia magunia. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi jembe nililitaka, nikanyimwa.

Kuanzia siku hiyo sikwenda kijijini tena. Baba mdogo alipiga simu kwenye sikukuu, nikamwachia baba aongee naye, nami nikigonga masufuria jikoni ili asikie. Baba hakukereza risasi nyingine. Ilikuwa kama kitu kimefungwa. Alikaa uani Dilala, akihesabu mitikisiko ya malori, na kila mara nilipoanza habari ya bega la palahala alinyanyua mkono taratibu, kama anayefukuza nzi. Nilimkasirikia sana. Nilimwogesha alipougua, nilimlisha, na nilimkasirikia hivyohivyo hadi siku alipokata roho. Sijivunii, ila sitasema uongo.

Siku ya pili ya kilio nilifungua sanduku lake la vifaa kutafuta koleo, kamba ya turubai ilikuwa imekaza. Chini ya mikasi ya bati kulikuwa na kifurushi cha karatasi. Niliijua karatasi: ukurasa wa mwisho wa daftari langu la jaribio, niliodhani ulichanika safarini. Ndani yake risasi ya shaba, petali nne, moja imekunjika, na udongo mwekundu wa kichuguu umekauka kwenye mikunjo. Baba alikuwa ameandika kwa herufi zake za michoro ya karakana, katika safu nilizochora mimi: Shaba. Kabla 15,9. Baada 15,7. Palahala. Na kwenye safu ya maoni: Imepita.

Aliichimba. Alikuwa nayo mfukoni kwenye lori nilipokuwa ninapiga kelele. Aliipima kwenye mizani yangu, nyumbani kwangu, nikiwa shuleni, akaiandika vizuri kama fundi, akaificha. Tulikuwa na jibu la swali la yule mzee, miaka yote hiyo, chini ya mikasi.

Baba mdogo alifika mchana kwa basi, amezeeka kuliko nilivyotaka azeeke, amebeba kipande cha mti wa panda kilichokatwa kutoka mbele ya nyumba yake. Alisema amekileta kiende na kaka yake kaburini. Watu walimsifu kwa upendo. Mimi nilimwita nyuma ya nyumba, kwenye ule ukuta uliopasuka, nikamtia ile risasi kiganjani bila salamu. Nilitaka kuuona uso wake ukianguka. Nilikuwa nimeungoja kama mtu anavyongoja mvua.

Haukuanguka. Aliitazama, akapitisha kidole gumba kwenye ile petali iliyokunjika.

"Ile minaijua," alisema. "Tata yako alinionyeshaka yo siku ile ile, kule nyuma ya jiko, mbele ya lori yenu kuya."

Nilihisi mgongo wangu umegusa ukuta. "Alisema nini?"

Machozi yalikuwa yanamtoka, na sikumwamini, na sasa namwamini, na haisaidii kitu.

"Nilimuambia, yaya, mukubwa wangu, chukua muti, nitaenda kwa bakubwa kuitika makosa. Alikatala. Alisema: 'Bakia nao, mudogo wangu. Mi niko na binti mwenye alisimama mbele ya bakubwa bote juu ya kunitetea. We uko na nani?'"

Ndani ya nyumba walikuwa wanaimba. Nilisimama pale nikijaribu kuhesabu ni jioni ngapi nilikaa na baba uani, mimi na yeye, tukinywa chai, nikimwuliza kwa nini. Neno lile lilikuwa langu. Lingenitosha maisha yangu yote. Nisingehitaji mti wala wakubwa. Akalichukua akampa mtu aliyemwibia, akaniachia mimi nyama iliyokwisha.

Baba mdogo alikuwa bado ameishika, amekunja vidole.

"Rudisha lisasi yangu," nikamwambia.

Akairudisha. Ilikuwa na joto la mkono wake.